Njia nane, foleni ileile: tunayoyaamini kuhusu usafiri wa Dar es Salaam

Kila mkazi wa Dar es Salaam ana maoni yake kuhusu foleni. Mengi hutokana na yale anayoyaona dirishani: barabara nyembamba, magari mengi, na trafiki aliyezima taa ili aongoze kwa mkono. Hayo yote yapo. Lakini sehemu kubwa ya foleni ya asubuhi ilishapangwa zamani, siku mtu alipolipia kiwanja, na ndiyo maana dawa nyingi tunazozitaja hazigusi ugonjwa.

“Jiji limejaa”

Sensa ya 2012 iliwakuta watu 4,364,541 mkoani Dar es Salaam. Ya 2022 ikawakuta 5,383,728, sawa na ongezeko la takriban asilimia 2.1 kwa mwaka, wakati muongo uliotangulia lilikuwa asilimia 5.6. Ukiishia hapo utasema jiji limeanza kutulia. Sasa tazama mkoa wa jirani. Katika miaka hiyo kumi Pwani ilitoka watu 1,098,668 hadi 2,024,947, karibu mara mbili, na hawa wote hawakwenda Rufiji kulima mpunga.

Wengi wako Kibaha, wako Mapinga na Kerege upande wa Bagamoyo, wako Vikindu upande wa Mkuranga. Kwenye makaratasi hao ni watu wa Pwani, ila alfajiri utawakuta kituoni wakisubiri gari la Kariakoo au Posta. Jiji halikujaa, limetanuka likavuka mpaka wake. Mtu aliyehama kutoka Magomeni kwenda Kiluvya ni mtu yuleyule mmoja, na kazi yake ni ileile, lakini sasa anaitumia barabara zaidi ya mara nne ya alivyokuwa akiitumia. Idadi ya watu peke yake haikuonyeshi hilo. Kilichoongezeka ni kilomita.

“Wapanue barabara, yatakwisha”

Hii ndiyo imani iliyoshika mizizi kuliko zote, na serikali nyingi duniani zimeiamini pamoja nasi. Barabara ya Morogoro kati ya Kimara na Kibaha, kilomita 19.2, ilipanuliwa kutoka njia mbili hadi nane, baada ya bomoabomoa iliyowagharimu watu wengi nyumba zao. Nairobi walifanya vivyo hivyo kwa barabara ya Thika, iliyozinduliwa 2012.

Barabara ikishafunguka, miezi ya kwanza ni raha tupu. Kisha hurudi watu wa aina tatu: aliyekuwa akiondoka saa kumi na moja ili kuikwepa foleni sasa analala mpaka saa kumi na mbili, aliyekuwa akipita njia za panya anarudi barabara kuu, na aliyekuwa akipanda daladala anatoa gari lake nje. Mchumi Mmarekani Anthony Downs alilieleza jambo hili mwaka 1962: kwenye barabara kuu za mjini, msongamano wa saa za kwenda na kurudi kazini hupanda mpaka ujaze nafasi iliyopo. Wachumi wawili, Duranton na Turner, walilipima kwa takwimu za miji ya Marekani na kuchapisha mwaka 2011. Waligundua kwamba kilomita zinazoendeshwa huongezeka karibu kwa uwiano uleule wa barabara zinazoongezwa.

Kundi la nne huchelewa kufika, nalo ndilo zito kuliko yote. Ni wanunuzi wa viwanja. Dalali akishaweza kusema “kutoka hapa hadi mjini ni dakika arobaini, lami tupu”, mashamba yanakatwa vipande. Kaunti ya Kiambu, ambamo barabara ya Thika inapita, ilikuwa na watu wapatao milioni 1.6 mwaka 2009. Mwaka 2019 walikuwa milioni 2.4. Sisemi barabara peke yake ndiyo iliyowapeleka, kwa sababu kodi ya nyumba ya Nairobi nayo ilikuwa inawasukuma, lakini barabara ndiyo iliyofanya safari ile ionekane inawezekana.

Halafu njia nane hizo zinayamwaga wapi magari? Kimara, kisha Ubungo, kisha kwenye mitaa ya Kariakoo ambayo hakuna aliyeipanua wala atakayeipanua. Daraja la Mfugale pale TAZARA (2018) na lile la Kijazi pale Ubungo (2021) yamezifungua makutano yenyewe, na anayekumbuka Ubungo ya zamani hawezi kuyabeza. Ila gari lililopita bila kusimama hapo linawahi tu kufika kwenye taa zinazofuata. Kwa malori ya bandarini yanayokwenda Zambia na Kongo, upanuzi ule una maana yake. Kwa mtu wa Kibamba anayewahi ofisini, ni nafuu ya muda.

“Gari langu ni mafuta tu”

Mafuta ndiyo yanayoonekana kwa sababu yanalipwa leo. Matairi, bima, matengenezo, maegesho, na thamani ya gari inayoyeyuka kila mwaka hulipwa siku nyingine, kwa hiyo hayaingizwi kwenye hesabu ya safari. Kosa hilohilo limejificha kwenye kiwanja cha bei rahisi. Wa mbali analipa milioni chache kununua na zilizobaki anazilipa kwa awamu barabarani, kila siku ya kazi, miaka ishirini.

“Serikali imehamia Dodoma, tutapumua”

Bandari haikuhama. Kariakoo haikuhama.

“Treni ni ya wasio na uwezo”

Treni ya abiria wa ndani ya jiji, kutoka Stesheni hadi Ubungo, ilianza Oktoba 2012, na watu wakaipa jina la waziri wa wakati huo: treni ya Mwakyembe. TAZARA, shirika la reli ya Tanzania na Zambia, nao wakaanzisha ya kwao upande wa Mwakanga. Mabehewa yalikuwa ya zamani na msongamano ndani haukuwa mdogo, hivyo dharau haikuanzia hewani. Lakini fanya hesabu. Njia moja ya barabara isiyo na taa hupitisha magari kama 2,000 kwa saa ikiwa katika hali nzuri kabisa, na mengi yana mtu mmoja au wawili. Mabehewa kumi yenye watu mia kila moja ni watu elfu moja wanaopita mara moja, hata kama kichwa cha treni ni cha zamani.

Tatizo la treni yetu halikuwa hadhi. Reli ya kati ilianza kujengwa na Wajerumani mwaka 1905 ili ifike bara, na TAZARA ilijengwa miaka ya 1970 kwa ajili ya shaba ya Zambia. Zote mbili zinatoka mjini kuelekea kusini-magharibi, wakati wenye vipato walijenga Tegeta, Bunju na Mbezi, ambako treni ya abiria haifiki. Tena hazilingani: ya kati ina upana wa milimita 1,000, TAZARA 1,067, na SGR, reli mpya ya kisasa iliyoanza kubeba abiria 2024, ina 1,435. Jiji moja, reli za upana wa aina tatu, na behewa la moja haliwezi kupita juu ya nyingine. Ongeza kwamba njia zile za zamani ni za mstari mmoja na zinakatizwa na barabara, halafu ujiulize kama ingewezekana treni ipite kila baada ya dakika kumi.

“Basi ikijengwa reli nzuri, foleni itakwisha”

Hapa ndipo wapenzi wa treni, nami nimo, tunapojidanganya. Utafiti uleule wa Duranton na Turner haukuona kwamba kuongeza usafiri wa umma kunapunguza kilomita za magari. Nafasi aliyoiacha aliyepanda treni inachukuliwa na mwingine. Treni inampa abiria njia ya kuiepuka foleni na saa ya kufika anayoweza kuitegemea. Kwa asiye na gari, na ndio wengi wetu, hilo ni kubwa kuliko barabara nyeupe.

Faida hiyo nayo inategemea kituo kimezungukwa na nini. SGR inasimama Pugu, na nauli ya daraja la kawaida kutoka mjini ilipangwa kuwa shilingi 1,000 ilipoanza. Lakini kama mitaa ya pembeni ni nyumba moja moja kwenye viwanja vipana, wanaoweza kukifikia kituo kwa mguu ni wachache. Waliobaki wanapanda bodaboda, na wengi wao wanaiachia hiyo bodaboda pesa kuliko wanayoiachia treni.