Sauti ya televisheni kwenye Linux: dhana potofu na ukweli wake

Mteja mmoja aliniletea kanda ya harusi iliyofanyika Tukuyu miaka mingi iliyopita, akitaka niihamishie kwenye diski. Niliunganisha deki na kompyuta kwa kifaa kidogo cha USB cha kunasa picha, na mara bibi harusi akaonekana akiingia ukumbini, wapiga ngoma wakimtangulia, lakini hakuna mlio hata mmoja uliosikika. Kijana aliyekuwa amekaa pembeni, hapa Mwanjelwa, alikata shauri papo hapo: “Fundi, Linux (mfumo endeshi wa kompyuta yangu) haina draiva, yaani programu ya kuendesha kifaa, ya sauti ya hicho kidude.”

Dhana hiyo ndiyo inayozaa nyingine nyingi. Ukweli ni kwamba Linux huipitisha picha na sauti katika njia mbili tofauti. Picha hupitia V4L2, mfumo wa Linux wa video, na kuonekana kama /dev/video0, ilhali sauti hupitia ALSA, mfumo wake wa sauti, ambako kifaa kilekile huorodheshwa kama kadi nyingine ya sauti, yenye mlango wa kuingizia tu. Programu ikifungua picha peke yake, sauti hubaki imelala katika kadi hiyo ya pili, na haitafika kwenye spika mpaka pawe na programu inayoisoma kule na kuiandika huku. Kwenye kompyuta yangu amri ya arecord -l ilikitaja kifaa kuwa kadi namba 1. Nikaandika arecord -D hw:1,0 -f S16_LE -r 48000 -c 2 | aplay, yaani arecord isome sauti kutoka kadi hiyo na aplay iipeleke kwenye spika, na ngoma zikasikika.

Mkanganyiko huu una historia yake. Kadi nyingi za televisheni za zamani za PCI, zile za kuchomekwa ndani ya kompyuta, zilikuwa na waya mfupi uliotoka kwenye kadi ya televisheni na kuingia kwenye tundu la kuingizia sauti la kadi ya sauti, hivyo sauti ilisafiri yenyewe, na programu kama tvtime ilibaki na kazi ya kuonyesha picha na kuongeza au kupunguza sauti. Vifaa vya USB viliuondoa waya huo. Matoleo ya baadaye ya xawtv na tvtime yaliongezewa sehemu ya kunakili sauti kutoka kadi moja hadi nyingine, ila anayefuata maelekezo ya zamani bado huutafuta waya usiokuwepo.

Wapo wanaoamini kwamba sauti ikichelewa nyuma ya midomo, kompyuta ni dhaifu. Mara nyingi kosa ni la bafa, yaani hifadhi ya muda ambamo sauti husubiri kabla ya kuchezwa. Kwa kasi ya sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 48,000 kwa sekunde, bafa ya sampuli 1,024 huchelewesha sauti kwa milisekunde 21 hivi, jambo ambalo sikio haliligundui, lakini arecord na aplay zisipopewa maelekezo huweza kutumia bafa ya hadi nusu sekunde kila moja. Kuipunguza bafa kupita kiasi nako kuna gharama, kwa sababu mashine ikishikwa na kazi nyingine kidogo tu, sauti hukatikakatika.

Tatizo gumu zaidi, ambalo hata mafundi wazoefu hulisingizia kanda, ni la vipima muda viwili visivyolingana. Kadi inayonasa na kadi inayocheza kila moja ina fuwele yake ya kupigia mdundo, na hakuna fuwele mbili zinazolingana kabisa. Tofauti ya sehemu 50 kwa milioni ni sampuli 2.4 kila sekunde. Kwa saa moja hufika 8,640, yaani sekunde 0.18, na kwa kanda ya saa tatu huzidi nusu sekunde. Programu nzuri hubadilisha kasi ya sampuli kidogo kidogo ili kufidia. Ile isiyofanya hivyo hujaza bafa au huikausha.

Kuhusu PipeWire na PulseAudio, seva za sauti zinazogawia programu nyingi kadi moja, ushauri wa baadhi ya watu wa kuziondoa kabisa siupendi. Programu ikijibiwa kwamba kifaa kinatumika, aghalabu imekifungua moja kwa moja kwa jina la hw, kama hw:1,0 hapo juu, wakati seva ya sauti imeshakishika. Kutumia kifaa chaguomsingi, kinachopitia seva hiyo, humaliza ugomvi huo.

Haya yote hayahusu kifaa cha kupokelea DVB-T2, yaani matangazo ya televisheni ya dijitali ya antena. Huko sauti huja imefungwa pamoja na picha katika mkondo mmoja wenye alama za muda, na programu huifungua yenyewe bila kunasa chochote. Lakini ukichomeka king'amuzi kwa waya za AV, umerudi kwenye analojia, na kadi ya pili inakungoja.

Ile kanda ya Tukuyu, hata baada ya yote hayo, ilisikika sikio la kushoto pekee. Deki ilikuwa ya mono, yaani ya mkondo mmoja wa sauti, yenye tundu moja jeupe, ambalo huingia upande wa kushoto.