Karibuni kwenye Hifadhi ya Chuo, ila Begi Libaki Mapokezi

Juni 9 ni Siku ya Kimataifa ya Nyaraka, tarehe iliyochaguliwa kwa kuwa siku hiyo, mwaka 1948, ndipo Baraza la Kimataifa la Nyaraka lilipoundwa chini ya UNESCO. Hifadhi nyingi za nyaraka za vyuo vikuu huitumia kufungua milango: maonyesho, mihadhara, ziara za maghalani, na meza ya kupokea wenye karatasi za zamani za nyumbani. Malalamiko nayo huja kwa wingi, hasa ya waliozuiwa hiki au kile.

Hifadhi si ya maprofesa peke yao. Tamko la Dunia kuhusu Nyaraka, lililopitishwa na UNESCO mwaka 2011, linataka nyaraka zifikiwe na kila mtu, huku sheria na haki za wahusika zikiheshimiwa. Wageni wengi hushika nusu ya kwanza; sisi wahifadhi nyaraka tumeajiriwa kulinda nusu ya pili pia. Faili la mwanafunzi au barua ya siri ya baraza la chuo inaweza kufungwa kwa miaka mingi, na mhudumu wa mapokezi hana mamlaka ya kuifungua. Kumgombeza hakusaidii.

Katika chumba cha kusomea, unajisajili kwa kitambulisho, unaacha begi, kalamu ya wino na kinywaji kabatini, unaingia na penseli na daftari. Unajaza fomu ya maombi kwa namba ya jalada kama ilivyo kwenye orodha, si kwa maelezo ya “zile picha za zamani”. Unaletewa boksi moja, unafungua folda moja, na karatasi zinarudi kwa mpangilio uleule. Boksi hukaguliwa kabla na baada. Anayekiuka huonywa, akirudia, hufutiwa usajili. Anayetoka na waraka ameiba, hata kama waraka huo una jina la babu yake.

Glovu nyeupe za kwenye sinema hatuzitaki kwa karatasi nyingi, maana kidole kilichovikwa kitambaa hakiusikii ukingo wa karatasi, na hapo ndipo inapochanika. Nawa mikono, ikauke, basi. Glovu ni za picha na negativu (filamu ambazo picha husafishwa kutoka kwake), ambazo huharibiwa na mafuta ya ngozi. Na taa hafifu za maonyesho si ubahili: tunashusha mwanga hadi kama luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu) kwa sababu wino uliofifishwa na mwanga haurudi.

Meza ya karatasi za nyumbani ndiyo inayonifurahisha kuliko yote, na ndiyo inayoniumiza. Mtu anatoa barua aliyoiunga kwa selotepu miaka mingi iliyopita. Plastiki imeshabanduka yenyewe, gundi imezama kwenye karatasi, na ukanda wa rangi ya chai umepita juu ya sahihi. Tafadhali msiunge, msivishe plastiki kwa mashine, msizipange upya. Bahasha ije na barua yake. Majina ya waliomo pichani yaandikeni kwenye karatasi ya pembeni.

Kuleta si kukabidhi. Kukabidhi kuna mkataba, nao unasema kama unatoa moja kwa moja au unaazimisha tuskani, hakimiliki inabaki kwa nani, kipi kifungwe na hadi lini, na visivyohitajika virudishwe au viteketezwe. Kama mali ni ya warithi, sahihi ya mmoja haitoshi. Boksi lililoachwa mlangoni bila jina linatupa mzigo wa kisheria, si zawadi. Bei ya karatasi zenu hatukadirii.

Wanaouliza kwa nini tusiskani kila kitu tukaweka mtandaoni: kuskani ndiyo kazi nyepesi. Nzito ni kueleza kila ukurasa ili upatikane, kukagua haki zake, na kulitunza faili lisomeke hata programu zikibadilika.

Ziara za maghalani huenda kwa makundi madogo, hivyo wekeni nafasi mapema. Watoto wanaruhusiwa. Maji hayaruhusiwi, hata ya chupa yenye kifuniko.