"Dhamana iko wazi" maana yake nini?

Hakimu akishatamka kwamba dhamana ya mshtakiwa iko wazi, ndugu waliokaa benchi za nyuma huanza kutazamana. Wamesikia neno "wazi", lakini kijana wao anarudishwa mahabusu. Maana yake ni kwamba ameruhusiwa kutoka, ila masharti ya dhamana yatimizwe kwanza. Nasoma sheria, nipo mwaka wa pili, na likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Ujiji nikamsindikiza mama mdogo mahakamani. Mwanawe alishtakiwa kwa shambulio la kudhuru mwili, ugomvi wa nyavu uliotokea mwaloni Kibirizi. Hakimu alitaka wadhamini wawili, kila mmoja asaini bondi ya shilingi milioni moja. Tulipofika nje, chini ya mwembe, mama mdogo alifungua pochi akanihesabia laki tatu na arobaini. Alikuwa ameuza madumu ya mawese aliyoyaficha uvunguni akingoja bei ipande. "Mwanangu," akaniuliza, "milioni mbili tunazitoa wapi?"

Hakuna aliyemdai hata shilingi moja.

Bondi ni ahadi ya maandishi. Mdhamini anaiambia mahakama: huyu mtu namfahamu, atakuja kila tarehe atakayoitwa, na asipokuja, mimi nitawajibika kwa kiasi hiki. Mshtakiwa akihudhuria mpaka kesi ikaisha, ahadi nayo imekwisha, awe ametiwa hatiani au ameachiwa huru. Kiasi kile hulipwa pale tu mtu anaporuka dhamana. Hapo mdhamini huitwa ajieleze kwa nini asilipe, na asipokuwa na maelezo ya kuridhisha, mali yake inaweza kukamatwa na kuuzwa. Kwa hiyo kumdhamini mtu si jambo jepesi hata kidogo, ila ni mzigo wa aina tofauti na ule mama mdogo aliokuwa akiuhesabu.

Mkanganyiko huu nauelewa unakotoka. Neno dhamana tunalikuta kila mahali: ukikopa benki wanataka hati ya nyumba iwe dhamana, ukienda kikundi cha kukopeshana wanataka mtu wa kukudhamini. Kote huko kuna pesa mbele. Halafu lipo neno faini, ambalo watu wengi huliweka kapu moja na dhamana. Faini ni adhabu, na adhabu huja baada ya mtu kupatikana na hatia. Dhamana inakuja kabla. Katiba yetu ya Tanzania ya mwaka 1977, Ibara ya 13(6)(b), inakataza kumtendea mshtakiwa kama mtu mwenye kosa mpaka ithibitike kwamba analo. Dhamana imejengwa juu ya msingi huo: kwa kuwa bado hujapatikana na hatia, subiri kesi yako ukiwa kwako, ukivua samaki wako, ukilea watoto wako. Kuna kesi ambazo mahakama hutaka fedha taslimu au hati ya mali, hasa zinazohusu fedha au mali nyingi, lakini hapo hakimu hulisema hilo bayana. Akisema bondi, maana yake ni kusaini.

Polisi nao wana dhamana yao, na haina malipo. Mtu akikamatwa bila hati ya kumkamata kwa kosa lisilo na adhabu ya kifo, na ikaonekana hawezi kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, mkuu wa kituo anatakiwa kuangalia uwezekano wa kumwachia kwa dhamana.

Si kila kosa lina dhamana. Mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha, pamoja na mengine yaliyotajwa kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, hayana. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu kinachoyanyima makosa hayo dhamana kinapingana na Katiba. Miezi michache baadaye Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo, na kifungu kikabaki. Mimi bado naona hoja ya Mahakama Kuu ilikuwa na uzito, maana mtu anaweza kukaa rumande miaka akisikia "upelelezi haujakamilika", kisha akaachiwa huru. Miaka ile hakuna anayemrudishia.

Lakini kwa huku kwetu, kinachowaweka watu ndani mara nyingi si kosa walilosomewa. Ni masharti. Mdhamini anatakiwa kuwa na barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji, na kitambulisho, mara nyingi cha Taifa. Kigoma tunapakana na Burundi, na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika ni Kongo. Siku ya anga safi milima yake unaiona ukiwa Ujiji. Mtu aliyezaliwa hapa, na baba yake kazaliwa hapa, anaulizwa maswali mengi ya uraia kabla hajapata namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho hicho cha Taifa, na wengine wanazungushwa muda mrefu. Huyo anaweza kuwa ndiye mtu mwaminifu kuliko wote mtaani, na bado asiweze kumdhamini hata mdogo wake. Siku nyingine hakimu hutaka mmoja wa wadhamini awe mtumishi wa serikali. Kwenye mtaa wa wavuvi na wauza dagaa, unampata wapi?

Hofu ya mahakama naielewa. Ziwa ni njia, na mtu akiamua kupotea, mtumbwi upo. Ndiyo maana sheria inaruhusu hakimu kumzuia mshtakiwa asitoke nje ya eneo fulani bila kibali, au kumtaka asalimishe pasi yake ya kusafiria. Ila sheria hiyohiyo inataka kiasi cha dhamana kisipite kipimo, na mshtakiwa aliyepewa masharti asiyoyaweza anaruhusiwa kuomba yalegezwe, hata kwenda Mahakama Kuu. Hili watu wengi hawaambiwi, na asiye na wakili hajui hata kwamba anaweza kunyoosha mkono akasema.

Sisi tulimpata baba mkubwa na jirani mmoja fundi cherehani. Barua za mtendaji zilichukua siku mbili. Baba mkubwa aliishika ile karatasi mbali na macho, akauliza tena na tena, "Nikisaini hapa, silipi leo?" Karani akamjibu kwa upole kila mara kwamba halipi. Akasaini polepole, majina yake yote matatu. Kijana akatoka jioni ileile.

Kesi ilipangwa kutajwa baada ya wiki mbili. Asubuhi ya siku hiyo, kabla adhana ya alfajiri haijaisha, nilimsikia baba mkubwa akigonga dirisha la yule kijana, amwahi kabla hajashuka mwaloni.