Mapigo ya moyo wa mtoto wakati wa uchungu: kwa nini tunasubiri tumbo likaze

Kina mama wengi ninaowahudumia leba huniuliza kwa nini ninasubiri tumbo likaze, pale maumivu yanapozidi, ndipo niweke fetoskopu, kifaa cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, ilhali ningeweza kuhesabu mapigo ya mtoto wakiwa wametulia.

Mtoto hupata oksijeni kupitia kondo la nyuma, na kila mji wa mimba unapokaza, damu inayofika kwenye kondo hupungua kwa muda mfupi. Mtoto mwenye akiba ya kutosha huvumilia, kwa kuwa damu hurejea tumbo linapolegea. Aliyeanza kuchoka anaweza kuwa na mapigo 140 kwa dakika wakati wa mapumziko, yaani ndani kabisa ya kiwango cha kawaida cha 110 hadi 160, lakini mkazo unapofikia kilele mapigo yakaanza kushuka, na yakachelewa kurudi hata baada ya tumbo kulegea. Anayehesabu wakati wa mapumziko tu hatalijua hilo. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani linaelekeza tusikilize wakati wa mkazo na tuendelee kwa angalau sekunde 30 baada yake, kwa jumla ya muda usiopungua dakika 1. Tufanye hivyo kila dakika 15 hadi 30 uchungu ukishakolea, na kila dakika 5 mama anaposukuma.

Kabla ya kusikiliza, napapasa tumbo ili nijue mgongo wa mtoto uko upande gani, kwa kuwa hapo ndipo sauti husikika vizuri, kisha nashika mshipa wa mkono wa mama. Naomba wakunga wenzangu wasiiruke hatua hii. Moyo wa mama mwenye homa au hofu unaweza kupiga mara 120 kwa dakika, na dopla, kifaa cha umeme cha kusikilizia moyo wa mtoto, ikinasa mapigo yake, tutayaandika kuwa ya mtoto.

Patografu, yaani chati ya kufuatilia uchungu, yenye mapigo 140 mfululizo tangu asubuhi hunitia wasiwasi, maana moyo wa mtoto mzima haukai kwenye namba moja kwa saa nyingi.

Mashine inayochora mapigo mfululizo ina nafasi yake, hasa kwa mama mwenye shinikizo la damu au aliyewekewa dripu ya kuongeza uchungu, lakini haipendekezwi kwa kila mama mwenye afya njema, kwani huongeza upasuaji.

Mapigo yakishuka baada ya mkazo na hali hiyo ikijirudia, namlaza mama kwa ubavu, nasimamisha dripu ya uchungu kama ipo, napima njia kuhakikisha kamba ya kitovu haijamtangulia mtoto, naangalia kama maji ya uzazi yana rangi ya kijani, na daktari anaitwa wakati huohuo, ili aamue kama mtoto atolewe kwa vakyumu, kifaa cha kuvuta kichwa, kichwa kikiwa kimeshuka vya kutosha, au mama apelekwe chumba cha upasuaji.