Hofu ya nani ilisikilizwa? Wanawake katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861–1865

Oktoba 1862, vita vikiwa katika mwaka wa pili, bunge la majimbo ya Kusini yaliyojitenga lilipitisha kifungu kilichozua manung'uniko: shamba lenye watumwa 20 au zaidi liliruhusiwa kubakiza mwanamume mmoja mzungu asiende vitani. Hoja ilikuwa ulinzi. Wanaume wote wakiondoka, nani atawasimamia watumwa, na wake na mabinti wa mabwana watabaki na nani? Wakulima wasio na mtumwa hata mmoja walikasirika, maana wake zao nao walikuwa wakilala peke yao na hakuna aliyewauliza wanaogopa nini.

Sisi tunaofanya kazi na kumbukumbu za kale huulizwa mara nyingi wanawake wa wakati ule waliogopa nini. Mimi huona swali lenye faida zaidi ni hofu ya nani iliandikiwa sheria.

Wake wa mabwana ndio waliokuwa na kalamu, karatasi na nafasi ya kuandika. Shajara na barua zao zinarudia mambo mawili: watumwa kuwavamia usiku, na askari wa Kaskazini, upande wa serikali ya Marekani, kuingia majumbani. Uasi mkubwa wa watumwa waliouhofia haukutokea. Maelfu kwa maelfu ya watumwa walitoroka, wakakimbilia kambi za Kaskazini. Askari, hao walifika kweli. Jenerali Sherman wa Kaskazini alipotoka Atlanta kwenda Savannah, miji ya jimbo la Georgia, Novemba na Desemba 1864, jeshi lake lilijilisha kwa kuchukua nafaka na mifugo njiani, na wanawake wakawa wanashonea vito ndani ya sketi na kufukia vyombo vya fedha ardhini. Kwa maskini wa mjini, tishio lilikuwa tumbo. Tarehe 2 Aprili 1863 wanawake wa Richmond, makao makuu ya Kusini, walivunja maduka wakidai chakula.

Tazama pia kisa cha New Orleans, mji wa Kusini uliokuwa umetekwa na Kaskazini. Mei 1862 Jenerali Butler wa Kaskazini, akichoshwa na wanawake waliowatusi askari wake, alitoa amri kwamba mwanamke atakayerudia atachukuliwa kama malaya aliye kazini. Kusini iliisoma kama ruhusa ya kubaka. Kabla mwaka haujaisha, Rais Jefferson Davis wa Kusini alimtangaza Butler kuwa mhalifu wa kunyongwa akikamatwa, na amri ile ilikuwa miongoni mwa makosa aliyomhesabia.

Linganisha na mwanamke mtumwa. Mwaka 1859 mahakama kuu ya Mississippi ilifuta hukumu ya mtu aliyembaka msichana mtumwa wa chini ya miaka 10, kwa sababu sheria haikumtambua msichana huyo kama mtu anayeweza kutendewa kosa hilo. Usalama wa mwili wa mwanamke mtumwa haukuanza kuhatarishwa na vita; ulikuwa hatarini tangu alipozaliwa, na mara nyingi wa kuogopwa alikuwa bwana wa nyumba yenyewe.

Vita ndivyo vilivyofungua upenyo. Aprili 1863 Rais Lincoln wa Marekani alitia saini kanuni za vita zilizoandaliwa na mwanasheria Francis Lieber. Kifungu cha 44 kilikataza askari wa Kaskazini kubaka raia katika nchi waliyoivamia, adhabu ikiweza kufika kifo. Katika mahakama za kijeshi wanawake weusi walisimama kutoa ushahidi dhidi ya wazungu, jambo ambalo mahakama za majimbo ya Kusini zilikuwa hazilikubali. Kumbukumbu za kesi hizo ni miongoni mwa mahali pachache tunaposoma maneno yao wenyewe.

Hata hivyo kambi haikuwa hifadhi ya uhakika. Katika Camp Nelson, kambi ya jeshi la Kaskazini katika jimbo la Kentucky, wanaume weusi waliokuwa watumwa walijiunga na jeshi na kuja na familia zao. Novemba 1864, kwenye baridi kali, kamanda aliwafukuza wanawake na watoto wapatao 400 na vibanda vyao vikabomolewa. Zaidi ya 100 walikufa. Walikuwa wamefukuzwa na jeshi lile lile ambalo waume zao walilivalia sare. Kelele zilizofuata zilichangia sheria ya Machi 1865 iliyowapa uhuru wake na watoto wa askari. Desemba 9, 1864, kwenye kijito cha Ebenezer huko Georgia, jenerali mwingine wa Kaskazini aliondoa daraja askari wake walipokwisha kuvuka. Wakimbizi weusi, wengi wao wanawake, watoto na wazee, waliachwa ng'ambo huku wapanda farasi wa Kusini wakiwakaribia. Wengi walijitosa majini na kuzama.

Mwaka mmoja baada ya vita, Mei 1866, makundi ya wazungu pamoja na polisi yaliwashambulia weusi wa Memphis, mji wa jimbo la Tennessee, kwa siku tatu na kuua 46. Wanawake weusi waliobakwa humo, akiwemo Frances Thompson, walikwenda mbele ya kamati ya bunge la Marekani na kueleza waliyofanyiwa. Ushahidi wao uliandikwa, ukachapishwa. Hakuna mtu aliyeshtakiwa.