Umepitiliza viza, umefunga ndoa na raia wa Marekani: kwanza niambie uliingiaje

Mteja mpya akishakaa, swali langu la kwanza huwa si ndoa ina umri gani, wala viza iliisha lini. Namuuliza: uliingiaje Marekani? Wengi hushangaa. Mtu amebeba hofu ya miaka minane bila makaratasi, amejiandaa kusimulia yote, halafu wakili anataka habari za siku aliyotua uwanja wa ndege. Lakini jibu hilo ndilo linaloamua karibu kila kinachofuata.

Majira ya baridi yaliyopita alikuja mama mmoja mzaliwa wa Tanga. Alitoa pasipoti ya zamani kutoka kwenye mfuko mdogo wa plastiki, ule wa kuhifadhia chakula. Ilikuwa imefuliwa pamoja na suruali. Kurasa zimeshikana, muhuri umebaki doa la wino. Ila katikati, kimebanwa kwa pini iliyoota kutu, kilikuwepo kikadi cheupe chenye namba na tarehe. Akaniomba radhi kwa uchafu wake, akasema mwanawe amemwambia mara nyingi atupe hilo takataka.

Nilimwambia, "Mama, hiki usikitupe. Hiki ndicho kitakachokupa grinikadi."

Kikadi kile ni fomu I-94, ushahidi kwamba ofisa wa mpakani alimkagua akamruhusu kuingia. Kwa wanaoingia kwa ndege, tangu 2013 rekodi hiyo inawekwa kwenye kompyuta na unaweza kuichapa mwenyewe mtandaoni. Walioingia kabla ya hapo walipewa karatasi, na wengi wameipoteza. Ikipotea si mwisho wa kesi: unaweza kuomba nakala kwa fomu I-102, au kuomba faili lako serikalini kwa sheria ya uhuru wa taarifa. Nimeshapata rekodi za watu walioapa kwamba hawana hata chembe ya ushahidi.

Sheria yenyewe iko kifungu cha 245 cha Sheria ya Uhamiaji na Uraia. Inasema anayetaka kupata ukaazi wa kudumu, yaani grinikadi, akiwa hapa hapa, bila kurudi kwao kwenda kuhojiwa ubalozini, lazima awe alikaguliwa na kuruhusiwa kuingia, au alipewa ruhusa maalumu ya muda mpakani. Halafu inaorodhesha makosa yanayomfungia mtu njia hiyo, yakiwemo kupitiliza muda na kufanya kazi bila kibali. Kisha linakuja jambo ambalo watu wetu wengi hawalijui: makosa hayo mawili hayamfungii njia mume au mke wa raia wa Marekani. Uwe umepitiliza wiki tatu au miaka kumi na tano, uwe ulifanya kazi ya kutunza wazee kwa malipo ya mkononi, hayo peke yake hayakuzuii kuomba. Mlango ulioingilia ndio unaohesabiwa.

Nimesema raia. Mwenye grinikadi ni habari nyingine. Ukiwa umeolewa na mwenye grinikadi na umepitiliza viza, kwa kawaida njia hii haikuhusu mpaka mwenzako aapishwe uraia. Kila mwaka nakutana na wanandoa waliotuma maombi yote kwa pamoja kwa sababu rafiki yao alifanya hivyo akafanikiwa, kumbe mke wa yule rafiki alikuwa raia. Pesa zimekwenda, na jina limeshaingia kwenye macho ya serikali.

Wako pia ambao ndoa na raia haiwafungulii njia hii. Aliyevuka mpaka bila kukaguliwa hawezi, isipokuwa wachache wenye ombi la zamani lililowasilishwa kabla au ifikapo 30 Aprili 2001. Baharia aliyeshuka melini kwa viza ya mabaharia hawezi, na hili nalisema kwa vijana wa Mombasa na Zanzibar wanaofanya kazi kwenye meli za kitalii. Aliyekuja kwa viza ya uchumba anaweza tu kupitia kwa yule yule aliyemwombea. Na waliokuja kwa viza ya J-1, ile ya mipango ya kubadilishana wanafunzi na wataalamu, waangalie kama wana sharti la kurudi nyumbani miaka miwili. Sharti hilo halifutwi na ndoa, linaombewa msamaha wake.

Sasa nije kwenye jambo linaloninyima usingizi, nalo ni safari ya msiba.

Miaka kadhaa nyuma kaka mmoja wa Moshi alinipigia simu. Alikuwa amepitiliza viza yake kwa miaka tisa. Alikuwa ameoa raia, mwanamke mwema aliyempenda kweli, na ombi la mke, fomu I-130, lilikuwa limekubaliwa. Mama yake alikuwa amefariki. Yeye ndiye kitinda mimba, kihamba, yaani shamba la ukoo, ni chake, na kwao mama hazikwi kitinda mimba akiwa hayupo. Mtu wa kanisani alikuwa amemwambia kwamba I-130 ikishakubaliwa basi uko salama.

"Kaka, umeshakata tiketi?"

"Dada, niko Moshi. Tumezika jana."

Nilikaa kimya muda mrefu. Sheria iliyopitishwa 1996, na kuanza kuhesabu ukaaji usio halali kuanzia 1 Aprili 1997, ina adhabu inayomsubiri mtu nje ya mlango. Ukikaa bila uhalali zaidi ya siku 180 lakini chini ya mwaka mmoja, kisha ukatoka, huruhusiwi kurudi kwa miaka 3. Ukikaa mwaka au zaidi, ni miaka 10. Adhabu hiyo haikugusi ukiwa ndani. Inaanza pale unapovuka mpaka kutoka. Yaani kitu kile kile ambacho sheria ingekusamehe ukiwa umekaa Dallas au Minneapolis, kinakuwa ukuta ukiwa umeshapanda ndege. Na I-130 iliyokubaliwa haikupi hadhi yoyote. Inasema tu kwamba serikali imeitambua ndoa yenu.

Msamaha upo, fomu I-601, lakini lazima mthibitishe kwamba mwenzi raia, au mzazi wako aliye raia au mwenye grinikadi, atapata dhiki kubwa mno kupita ile ya kawaida ya kutengana. Machozi hayatoshi. Tunakusanya vyeti vya hospitali, barua za daktari wa akili, madeni, hali ya watoto. Kesi ya yule kaka ilichukua miaka. Mke wake alijifungua peke yake.

Kwa hiyo kama umepitiliza na hujapata kadi, usitoke. Ninajua ninachokuomba. Ninajua maana ya kutazama jeneza la mzazi kwenye simu, saa nane za usiku, mtandao unakatika kila dakika, na wajomba wanauliza uko wapi. Kama ombi lako la grinikadi, fomu I-485, limeshapokelewa, unaweza kuomba kibali cha kusafiri mapema, kile tunachokiita advansi paroli, na kwa msiba kinaweza kuombwa kwa dharura. Uamuzi wa Bodi ya Rufaa za Uhamiaji wa 2012 ulisema kwamba kutoka kwa kibali hicho hakuamshi ile adhabu ya miaka 10. Ukitoka bila kibali, ombi lako linahesabiwa kuwa umelitelekeza. Hata ukiwa nacho, ofisa wa uwanja wa ndege bado ana uwezo wa kukukatalia, kwa hiyo simruhusu mteja kusafiri kabla sijalipitia faili lake lote upya. Siku hizi wengine nawaambia wasisafiri kabisa.

Kinachoua kesi nyingi zaidi ya kupitiliza ni uongo wa zamani. Kuna visanduku viwili vinavyonitisha.

Cha kwanza kipo kwenye fomu I-9, ile unayojaza unapoajiriwa. Wakala wa kazi anakuharakisha, unaweka alama kwenye mstari wa kwanza kabisa, unaosema wewe ni raia wa Marekani. Hapo umejidai uraia kwa uongo. Kufanya kazi bila kibali kunasamehewa kwa mume au mke wa raia, lakini kujidai raia ni kizuizi cha kudumu, na kwa grinikadi ya ndoa hakina msamaha. Vivyo hivyo kwa aliyejiandikisha kupiga kura alipokuwa anachukua leseni ya udereva bila kusoma anachosaini. Kama ulijaza fomu hiyo, usimwambie jirani, mwambie wakili kabla ya kupeleka chochote.

Kisanduku cha pili kipo kwenye ombi lako la viza, kule nyumbani. Watu wetu wengi walishauriwa waandike kwamba wameoa au wameolewa, ili ubalozi uone wana sababu ya kurudi. Miaka saba baadaye unafunga ndoa hapa na unaandika kwamba hujawahi kuoa. Ofisa ana fomu zote mbili mezani. Ama ulidanganya wakati ule, ama unadanganya sasa, ama ndoa ya kwanza bado ipo na hii ya pili ni batili.

Na hapa ndoa zetu zina mambo yake. Ukiwa ulilipa mahari, wazee wakakaa, mkaishi pamoja, huenda ulioa hata kama hukusaini kitu. Kenya, tangu Sheria ya Ndoa ya 2014, ndoa za kimila zinatakiwa kusajiliwa, lakini mtu hawezi kudhani kwamba isiyosajiliwa haipo. Tanzania, chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, kutamka talaka peke yake hakukumaliza mambo kiserikali. Mahakama inapaswa kuithibitisha na kutoa amri. Nimekuwa na mteja Mwislamu aliyemwacha mke wake Kigoma kwa talaka iliyoandikwa kwenye karatasi ya daftari, mashahidi wawili, sheikh akiwepo. Mbele ya Mungu alikuwa na amani. Mbele ya USCIS, idara ya Marekani inayoamua maombi ya uhamiaji, alikuwa bado ana mke. Ilibidi ndugu zake waanze safari ya mahakamani, kisha yeye na mke wake wa hapa wafunge ndoa upya, na ndipo tuombe.

Gharama nazitaja haraka. Tangu 1 Aprili 2024, I-130 ya karatasi ni dola 675 na I-485 ni dola 1,440, kibali cha kazi dola 260 juu yake. Hakikisha kabla ya kulipa, ada hubadilika. Tangu Desemba 2024 ripoti ya daktari, I-693, inatakiwa iende pamoja na I-485. Mwenzi raia anasaini kiapo cha kukutunza, na kipato chake kinapaswa kufika asilimia 125 ya kiwango rasmi cha umaskini kwa ukubwa wa familia. Kisipofika, ndugu au rafiki mwenye uraia au grinikadi anaweza kusaini pamoja naye.

Kwenye mahojiano, wanandoa wetu wana shida moja ninayoipenda kuitetea. Mke anafanya kazi usiku kwenye nyumba ya wazee, mume anaendesha lori. Wanaonana Jumapili. Kila mmoja ana akaunti yake kwa sababu kila mmoja ana wazazi na ada za wadogo zake nyumbani. Kwa ofisa, hiyo inafanana na ndoa ya makaratasi. Kwa hiyo leteni maisha yenu yalivyo: mkataba wa nyumba, bima ya gari yenye majina mawili, ritani za kodi, ujumbe wa simu wa "nimekuachia wali kwenye friji", picha na mashemeji. Mkitenganishwa na kuulizwa kila mtu peke yake, asiyejua aseme hajui. Msikae mkakariri majibu. Wanaokariri hujibu kwa maneno yale yale, na ofisa anasikia.

Ndoa ikiwa haijatimiza miaka miwili siku ombi linapokubaliwa, unapata kadi ya miaka miwili, na ndani ya siku 90 kabla haijaisha mnawasilisha fomu I-751, ya kuomba kadi ya kudumu. Ama ndoa ya kununua, ikigundulika inafunga maombi ya ndoa ya baadaye, hata utakapompata unayempenda kweli, na ni kosa la jinai lenye kifungo cha hadi miaka 5.

Dada zangu, na kaka pia: mwenzi raia anayekupiga na kukuambia "nikiondoa sahihi yangu utarudishwa kwenu" hana nguvu zote anazodhani anazo. Ipo fomu I-360, unayojiombea mwenyewe, na serikali hairuhusiwi kumwambia kwamba umeomba. Huhitaji kuvumilia kipigo kwa sababu ya kadi. Nimeona wanawake wakikaa miaka sita kwa kutojua hili.

Hali ya sasa imekuwa ngumu zaidi. Mwaka 2025 USCIS iliandika wazi kwenye mwongozo wake kwamba ombi la familia, hata likikubaliwa, halimkingi mtu asipelekwe mahakama ya uhamiaji. Novemba mwaka huo vyombo vya habari viliripoti watu waliopitiliza viza kukamatwa kwenye mahojiano ya grinikadi San Diego, wenzi wao raia wakiwa pembeni. Sheria ya kifungu cha 245 haijabadilika, na bado ninapeleka maombi. Lakini siendi na mteja kwenye mahojiano bila kujua kama ana amri ya zamani ya kuondoshwa nchini.

Hapo wengi wanaumia bila kujua. Mtu alijilipua, yaani aliomba ukimbizi, miaka kumi iliyopita, akahama nyumba, barua ya mahakama ikaenda anwani ya zamani, hakimu akatoa amri mwenyewe hayupo. Akija kwenye mahojiano ya ndoa, amri ile inamsubiri. Kwa hiyo kabla ya kujaza fomu hata moja, tafuta namba yako inayoanza na herufi A kwenye barua yoyote ya zamani ya uhamiaji, kisha piga 1-800-898-7180, simu ya mahakama za uhamiaji, uiingize. Mashine itakuambia kama una kesi na kama kuna amri. Ikisema ipo, usiende popote na usitume chochote. Mpigie wakili siku hiyo hiyo, maana kesi inapaswa kufunguliwa upya mahakamani kwanza.