Je, wajua kwa nini mbwa wa kazi huvuruga nyumba akikosa kazi?

Katika ua wa nyumba moja jijini Nairobi niliwahi kuonyeshwa mbwa wa aina ya Malinois ambaye mmiliki wake alikuwa amekwisha kata shauri la kumtoa. Kando ya ukuta nyasi zilikuwa zimekanyagwa hadi ikabaki njia nyembamba ya udongo mtupu, iliyokazana kama sakafu, kwa sababu mbwa huyo aliizunguka tangu alipofunguliwa saa 12 jioni hadi alfajiri. Mpira wa kumwagilia maua ulikuwa vipande vipande, kamba ya kuanikia nguo ilikuwa imeangushwa zaidi ya mara moja, na mlango wa mbao wa banda lake ulikuwa umetafunwa kwa ndani hadi komeo likalegea. Mwenye nyumba, mtu mpole aliyempenda kwa dhati, aliniuliza swali ambalo ndilo lililozaa makala haya: mbona mbwa wa jirani, mbwa wa kawaida tu, hushinda kivulini na kubweka akipita mgeni, ilhali huyu aliyenunuliwa kwa fedha nyingi hatulii hata dakika tano?

Jibu lake ni kwamba mbwa huyo hakuwa mtukutu wala hakuwa na kichaa. Alikuwa akifanya, bila mshahara na bila msimamizi, kazi aliyozaliwa nayo.

Asili ya Malinois ni Ubelgiji, na jina lake linatokana na mji wa Malines, ambao wenyeji huuita Mechelen. Tarehe 15 Novemba 1891, Profesa Adolphe Reul wa chuo cha tiba ya mifugo cha Cureghem, mjini Brussels, aliwakusanya mbwa 117 wa wachungaji ili aone wanafanana kwa kiasi gani na kama wanastahili kuhesabiwa kuwa aina moja. Mbwa hao walikuwa tofauti kwa manyoya na rangi, kwa kuwa wachungaji walikuwa wamewachagua kwa karne nyingi bila kujali urembo. Walichojali ni mbwa anayeweza kutembea kutwa nzima pembeni mwa kundi, akiwazuia kondoo wasivuke mpaka na kuingia katika mazao ya watu, na ambaye kesho yake ataamka akiwa na hamu ileile. Aliyechoka mapema au aliyesubiri kuamrishwa kila hatua hakuzalishwa. Mwaka 1899 mji wa Ghent ulianzisha kikosi cha mbwa wa polisi, na tangu wakati huo mbwa wachungaji wa Ubelgiji wamekuwa wakichaguliwa tena na tena kwa ajili ya doria, kukamata na kunusa. Matokeo yake ni mnyama mwepesi, dume likiwa na kilo 25 hadi 30 tu, ambaye vizazi vyote vilivyomtangulia viliendelea kuwapo kwa sababu havikukaa.

Nikiitazama tena ile njia ya udongo kando ya ukuta, siwezi kuiita uzururaji. Ukuta ulikuwa mpaka, na mbwa aliulinda kama babu zake walivyolinda ukingo wa shamba, isipokuwa hakukuwa na kondoo, na hakuna aliyekuja jioni kumwambia kwamba kazi imekwisha.

Ili kuelewa vizuri zaidi, inafaa turudi kwa mbwamwitu. Anapowinda hufuata hatua zinazoshikana kama pete za mnyororo: hutambua windo, hulikazia macho, hulinyemelea, hulifukuza, hulikamata, huliua, kisha hula. Binadamu hakuufuta mnyororo huo katika mbwa wa kazi, bali alizikuza pete fulani na kuzidhoofisha nyingine. Border Collie, mbwa wa mpakani mwa Uskoti na Uingereza ambaye nasaba yake humrudisha kwa Old Hemp, dume aliyezaliwa Northumberland mwaka 1893 kwa mfugaji Adam Telfer, alikuzwa upande wa kukazia macho na kunyemelea, na kwa sababu hiyo huweza kulihamisha kundi zima la kondoo kwa mtazamo tu. Malinois alikuzwa zaidi upande wa kufukuza na kushika kwa meno. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kila hatua kati ya hizo ina utamu wake ndani yake yenyewe. Mbwa hafukuzi baiskeli kwa sababu ana njaa, wala hatarajii kuila. Kufukuza kwenyewe ndiko malipo. Kwa hiyo kumgombeza au kumchapa baada ya tendo hakufui dafu, kwa kuwa amekwisha lipwa kabla hujafika.

Tabia hiyohiyo inayomchosha mwenye nyumba ndiyo inayotafutwa kwa udi na uvumba mahali pengine. Huko Usa River, karibu na Arusha, mbwa na waongozaji wao hufundishwa chini ya mpango wa shirika la African Wildlife Foundation, ulioanza mwaka 2014, ili wagundue pembe za ndovu, pembe za faru na nyara nyingine katika viwanja vya ndege na bandari, ikiwemo ya Mombasa. Katika kazi za kunusa za namna hii duniani kote, mkufunzi anayechagua mbwa hamwangalii kwanza kwa utii. Huutupa mpira kwenye nyasi ndefu na kutazama. Mbwa wa kawaida hunusanusa kidogo, akikosa huacha. Yule anayefaa huingia pua chini, huzunguka, hurudi alipopita, huchimba kwa mguu, na dakika kadhaa baadaye, mkufunzi akiwa ameshageuka kuzungumza na mtu, bado yumo nyasini. Baadaye mpira huo huunganishwa na harufu: palipo na harufu ya pembe ndipo mpira unapotokea, hadi mbwa aione pembe ya ndovu kuwa habari njema ya mpira. Anapoipata miongoni mwa mizigo hukaa kimya au huganda pua ikielekea penye harufu, kisha humgeuzia macho mwongozaji wake. Anachokidai ni mpira wake.

Mtu anaweza kusema kwamba sisi pia tumefuga mbwa wa ulinzi tangu zamani, na ni kweli. Hata katika pwani yetu, ambako Waislamu wa madhehebu ya Shafii huchukua tahadhari na mate ya mbwa, sheria haikumkataza mbwa wa kuwinda, wa kuchunga mifugo wala wa kulinda mazao, yaani mbwa mwenye kazi. Tatizo liko katika utaratibu tuliouzoea mijini: mbwa hufungiwa bandani kutwa, usiku hufunguliwa, hupewa ugali na mabaki, na huo ndio uhusiano wote. Mbwa wa kienyeji huumudu mpangilio huo kwa kiasi fulani, kwa kuwa hakuzalishwa ili amtazame binadamu na kungoja neno lake. Malinois akifungiwa saa 12 mfululizo ndani ya banda la mita mbili kwa mbili huanza kujizungusha, kuufukuza mkia wake na kuyatafuna mabati, na wengine hujilamba mguu mahali pamoja hadi pakawa kidonda. Nalisema kwa uzito wote: anayepanga kuufuata utaratibu huo asimnunue mbwa huyu, hata akiuziwa kwa bei ya kutupa.

Kwa aliye naye tayari, kosa la kwanza ni kudhani kwamba dawa ni kumkimbiza tu. Wiki ya kwanza mbwa hukimbia kilomita tano akachoka. Mwezi wa tatu kilomita kumi humwacha akiwa bado anaruka. Unakuwa umemjenga mwanariadha, na mwanariadha ana haki ya kudai uwanja. Kinachomchosha vizuri zaidi ni pua na akili. Badala ya kumwekea chakula chote kwenye bakuli, kirushe punje punje kwenye nyasi, au kifiche katika maboksi matupu yaliyopangwa barazani, moja lenye chakula na tisa yasiyo nacho. Robo saa ya kutafuta kwa pua humtuliza kuliko saa nzima ya kurushiwa mpira, kwa maana kurusha mpira mfululizo huchochea pete moja tu ya ule mnyororo, ya kufukuza, na mbwa humaliza akiwa amepandwa na moto zaidi ya alipoanza.

Somo kubwa kuliko yote, na ambalo wafugaji wengi hulipuuza, ni kumfundisha kutofanya kitu. Tandika gunia au mkeka mahali pamoja. Mbwa anapokanyaga juu yake, mpe kipande cha nyama bila kelele. Anapokaa, mpe tena. Anapolala na kuegemeza nyonga upande mmoja, mpe polepole chini, kati ya miguu yake ya mbele, ili asipate sababu ya kusimama. Siku za mwanzo utahesabu sekunde. Baada ya wiki kadhaa utakuwa unakunywa chai. Mbwa wa jamii hii hakuzaliwa akijua kupumzika, na mbwa mzima huhitaji takriban saa 12 hadi 14 za usingizi kwa siku, hivyo asipofundishwa utulivu atajinyima usingizi na hasira yake itapanda, kama mtoto aliyekosa kulala mchana.

Meno nayo yanahitaji njia. Mtoto wa Malinois hushika suruali, mikono na viatu, na hapo ndipo familia nyingi humchoka kabla hajatimiza mwaka. Kumziba mdomo au kumpiga humfanya aogope mikono. Afadhali uwe na kitambaa kigumu kilichosokotwa, avute nawe uvute, kisha umfundishe neno «achia»: akiachia, mchezo unaanza upya, hivyo anajifunza kwamba kuachia hakumpotezei kitu. Watoto wadogo wanaokimbia wakipiga kelele wasiachwe naye peke yao hata kama ni mpole, kwa kuwa kwa macho yake wanafanana sana na kundi lililotawanyika. Na kwa wakazi wa Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, mazoezi yafanyike alfajiri au baada ya magharibi: mbwa hupoza mwili hasa kwa kuhema, na Malinois hasimami mwenyewe hata joto linapomzidi.

Pamoja na hayo yote, wapo ambao hawataweza, kwa sababu ya ajira, maradhi au nyumba ya kupanga. Kumtafutia mbwa nyumba nyingine si aibu iwapo kunafanywa kwa ukweli. Marekani ilichelewa kulitambua jambo hilo kwa mbwa wa jeshi lake, ambao kwa miaka mingi walihesabiwa kama vifaa na kuuawa walipomaliza utumishi. Robby, Malinois mzee mwenye maumivu ya viungo ambaye mwongozaji wake aliomba kumchukua nyumbani, ndiye aliyesababisha sheria ya Novemba 2000 iliyoruhusu mbwa hao kupewa familia. Mwenyewe hakuifaidi; alilazwa usingizi wa milele Januari 2001. Katika nchi hiyohiyo, Chuo Kikuu cha Washington kilianzisha mwaka 1997 mpango wa kuchukua mbwa kutoka vituo vya mbwa waliotupwa, hasa wale ambao hakuna familia iliyowaweza kwa wazimu wao wa mpira. Mmoja wao, Tucker, mweusi wa damu ya Labrador, alifundishwa kusimama kwenye omo ya boti na kunusa kinyesi cha nyangumi wauaji baharini ili wanasayansi wajue afya yao. Mbwa huyo aliogopa kuingia majini.

Kwa hiyo anayemtoa Malinois wake atafute kwanza kazi, kisha ndipo nyumba: mfugaji mwenye eneo kubwa na muda, kampuni ya ulinzi yenye wakufunzi wa kweli na isiyowafunga mbwa minyororo, au mtu mmoja mwenye nidhamu aliyewahi kuishi na mbwa wa aina hii. Aandike kwenye karatasi kila alichokiona, pamoja na yale yasiyopendeza: amewahi kumng'ata nani na katika hali gani, anaogopa nini, amezoea maneno yapi na kwa lugha gani, alichanjwa lini dhidi ya kichaa cha mbwa. Kulificha tukio la kung'ata ni kumhukumu mbwa, kwa maana litajirudia kwa mtu asiyejiandaa. Ampeleke pia na gunia lake la kulalia bila kulifua, ili ugenini akute harufu anayoijua.

Na anayempokea asimwalike mtu kuja kumtazama wiki ya kwanza. Amfunge kamba ndefu hata ndani ya ua, amlishe kwa mkono, amtembeze njia ileile saa ileile, na asimdai mapenzi. Siku za mwanzo mbwa hulala kifudifudi, miguu ikiwa chini ya mwili, tayari kuruka kwa mlio wa sufuria. Yule wa Nairobi alichukuliwa na mfugaji wa ng'ombe huko Laikipia. Ilipita zaidi ya miezi miwili kabla bwana huyo hajanitumia picha iliyopigwa saa nane mchana: mbwa kwenye gunia lake barazani, amejilaza ubavu, tumbo nje, mdomo wazi kidogo, na ng'ombe wanapita nyuma yake.